Gobore la Shambani, Sheria ya Bastola: Nani Anaruhusiwa Kumiliki Silaha Handeni na Korogwe

Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari, na katika miaka ya karibuni Serikali ya Tanzania imekuwa ikiuongezea Oktoba. Tangazo lake ni fupi. Mwenye silaha asiyo na kibali aipeleke kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya eneo lake, naye hatashtakiwa. Muda ukipita, sheria itachukua mkondo wake. Likifika vijijini Handeni na Korogwe, tangazo hilo linakutana na maswali ambayo halikuyajibu. Gobore aliloacha marehemu, ambalo yeye mwenyewe alikuwa na kibali chake, ni halali kwa mjane na watoto? Fundi aliyelitengeneza naye ana kosa? Mlinzi wa shamba la mkonge anayekabidhiwa bunduki ya kampuni kila jioni anahesabiwa mmiliki? Na mtu anayelibeba gobore kwenye bodaboda kulipeleka kituoni, akisimamishwa njiani, atasema nini aaminike?

Jibu lisilo sahihi kwa swali lolote kati ya hayo linaweza kumgharimu mtu miaka 20 gerezani. Kwa upande wa pili, kulegeza sheria bila hesabu kunaweza kuingiza mitutu katika ugomvi wa mipaka ya mashamba na malisho, ambao tayari una damu. Ndiyo maana mjadala huu haumaliziki kwa kusema tu kwamba silaha ni mbaya au kwamba mkulima anaonewa.

Sheria inavyosema

Msingi ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Wazo lake kuu ni kwamba kumiliki silaha ya moto ni ruhusa inayoombwa. Si haki ambayo raia huzaliwa nayo. Katiba ya Tanzania haina kifungu kinachofanana na kile cha Marekani cha mwaka 1791, ambacho mpaka leo huwafanya Wamarekani waanzie mjadala wao upande wa pili kabisa. Mtanzania anayetaka bunduki ndiye anayepaswa kueleza kwa nini anaihitaji.

Njia ya kuipata ruhusa ni ndefu kwa makusudi. Maombi huanzia kwenye kijiji au mtaa, mahali ambapo tabia ya mwombaji inajulikana. Kutoka hapo hupanda hadi polisi wa wilaya na kamati ya ulinzi na usalama inayoongozwa na Mkuu wa Wilaya, yakaenda mkoani, kisha kwa msajili wa silaha katika makao makuu ya polisi. Mwombaji sharti awe mtu mzima wa umri uliowekwa, mwenye akili timamu, asiye na rekodi ya jinai, anayejua kuitumia silaha na mwenye mahali salama pa kuitunzia. Bunduki za kivita zinazomimina risasi mfululizo hazimo kabisa katika orodha ya raia.

Leseni hufungwa kwa mambo mawili: mtu fulani na silaha fulani yenye namba yake. Hapo ndipo swali la gobore la marehemu linapopata jibu. Mmiliki akifariki, leseni yake imekwisha. Warithi wanatakiwa kuikabidhi silaha polisi, na anayetaka kuendelea nayo aombe upya kwa jina lake. Bunduki hairithiwi kama jembe au shamba. Fundi naye anahitaji kibali cha kutengeneza au kukarabati silaha, na wafua chuma wa vijijini hawanacho. Mlinzi wa shamba hushika silaha ya kampuni kwa leseni ya kampuni akiwa zamu tu. Akiondoka nayo kwenda kwake amekuwa mtu asiye na kibali kama mwingine yeyote.

Hata hivyo, kinachotisha si sheria ya silaha peke yake. Makosa ya kumiliki silaha au risasi bila kibali yameorodheshwa katika jedwali la kwanza la Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, anayetiwa hatiani chini ya sheria hiyo hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Jedwali hilohilo linabeba nyara za Serikali na makosa mengine mazito ya mitandao ya uhalifu. Mkulima mwenye gobore darini amewekwa kwenye mstari mmoja na wafanyabiashara wa meno ya tembo.

Bunduki zilivyofika Uzigua na Usambaa

Ukanda huu una historia ya silaha iliyo ndefu kuliko ya sehemu nyingi za Tanzania Bara. Katika karne ya 19 Wazigua, waliokuwa karibu na biashara ya Pangani, Saadani na Unguja, walipata bunduki mapema kuliko majirani zao wa milimani, na mizani ya nguvu ikageuka. Utawala wa Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Washambaa, huko Vugha mlimani ulikuwa umesimama kwa kodi na heshima. Baada ya mfalme wao Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862, mwanawe Semboja aliweka makao Mazinde, chini bondeni, kando ya njia ya misafara, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Korogwe. Misafara ilileta bunduki na baruti, na mtu wa bondeni akawa na nguvu kuliko mfalme wa mlimani. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika juu ya dola ya Washambaa, anaonyesha jinsi biashara hiyo ilivyolivunja taifa kutoka ndani. Pwani kidogo, Bwana Heri wa Saadani, kiongozi wa Wazigua, alilikabili jeshi la Sultani wa Zanzibar mwaka 1882 na kupigana na Wajerumani hadi mwaka 1890.

Mwaka huohuo wa 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kukubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Katazo hilo liliacha mlango kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, silaha bora zilibaki kwa mtawala, na mtawaliwa akaachiwa zile zinazojazwa kwa mdomo. Kuenea kwa gobore kijijini kuna mizizi katika uamuzi huo kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kilichofuata kiliwagusa wakulima zaidi kuliko wapiganaji. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu mazingira ya kaskazini mashariki mwa Tanzania, ameichunguza Handeni kwa undani. Hoja yake ni kwamba utawala wa kikoloni na njaa za kurudiarudia zilivunja mfumo wa wenyeji wa kufyeka, kuwinda na kulidhibiti pori, na pori likarudi pamoja na ndorobo, kupe na wanyama waharibifu. Huko Uzaramo, Thaddeus Sunseri ameyahusisha mazingira ya vita vya Majimaji na njaa pamoja na nguruwe pori waliokuwa wakiangamiza mashamba ya watu walionyimwa nafasi ya kuwinda. Kwa hiyo uhusiano kati ya sheria ya silaha na sufuria ya ugali si jambo lililobuniwa jana na mwanasiasa wa kijijini.

Silaha inayozungumziwa

Gobore ni bomba la chuma lililofungwa kwenye kitako cha mbao. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, ikafuata kizibo cha nyuzi au kitambaa, kisha goroli au vipande vya nondo, vyote vikashindiliwa kwa mdeki. Fataki huwekwa nyuma, kifyatulio kikivutwa cheche hupita, na mlio husikika kijiji cha pili. Baada ya hapo mpigaji anaanza upya, na nguruwe hawamsubiri. Mtutu uliochomelewa vibaya unaweza kupasuka usoni mwa mwenyewe. Ni silaha ya risasi moja, isiyolenga sawasawa, isiyofichika kiunoni, na isiyo na namba ya kiwandani.

Adui yake mkuu huku ni nguruwe pori. Kundi moja likiingia usiku kwenye mahindi yanayobeba, asubuhi mwenye shamba anakuta mabua yamelala na magunzi yametapakaa. Mchana ni zamu ya nyani na ngedere. Wakulima hulala kwenye madungu, huwasha moto, hupiga madebe, na mara nyingi watoto ndio huachiwa zamu ya mchana badala ya kwenda shule. Upande wa mashariki wa Handeni kuna Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na kaskazini ya Korogwe kuna Mkomazi, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Panapokuwa na tembo karibu, gobore halisaidii na linaweza kumuua anayelishika, kwa kuwa tembo aliyejeruhiwa hugeuka.

Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho na kifuta machozi kwa kanuni za mwaka 2011. Utaratibu huo ulijengwa kwa kufikiria wanyama wakubwa na hatari kama tembo, simba, kiboko na mamba. Mkulima aliyeliwa ekari mbili na nguruwe anabaki na dungu lake.

Hoja ya wanaotaka sheria ibaki kali

Wanaotetea ukali wana ushahidi ambao haupaswi kupuuzwa. Makadirio ya taasisi ya Small Arms Survey ya mwaka 2017 yanaiweka Tanzania chini ya bunduki moja mikononi mwa raia kwa kila watu 100, wakati Marekani imezidi 120. Nchi iliyopakana na Burundi, Kongo na Msumbiji, ikapokea wakimbizi wa vita kwa miongo kadhaa, isingebaki na kiwango hicho kama kila aliyetaka bunduki angeipata. Tanzania pia imejifunga kwa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayotaka nchi wanachama zisajili silaha, ziziwekee alama na zidhibiti umiliki wa raia.

Mkoa wa Tanga una kumbukumbu yake. Februari 2015 vyombo vya ulinzi vilipambana na kundi lenye silaha katika Mapango ya Amboni. Mwezi mmoja kabla, kituo cha polisi cha Ikwiriri mkoani Pwani kilivamiwa, na Julai mwaka huo ikawa zamu ya kituo cha Sitakishari jijini Dar es Salaam. Halafu kuna tembo. Sensa zilionyesha idadi yao nchini ikishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Ujangili wa kiwango hicho ulihitaji mitutu mingi, na magobore yalikuwamo.

Wapo pia wanaokumbusha kwamba hata leseni haimlindi aliye karibu na mwenye silaha. Julai 2021 mtu mmoja alimpiga mwenzake risasi katika baa moja ya Sinza, Dar es Salaam, kisha akajiua. Mei 2022 mfanyabiashara mmoja wa Mwanza alimuua mkewe kwa bastola, naye akajiua. Matukio kama hayo ndiyo yanayowafanya wanawake wengi wasione faraja yoyote katika hoja kwamba baba wa nyumba aongezewe silaha ya kulinda familia.

Hoja hii ina mapengo mawili, na la kwanza ni kubwa. Waliovamia vituo vya polisi mwaka 2015 walikwenda kuchukua silaha za dola. Hawakuzikusanya kwa wakulima. Kumfunga mwenye gobore miaka 20 hakuongezi hata kufuli moja kwenye ghala la silaha la kituo. Pengo la pili ni kwamba ukali uliosawazishwa kwa kila aina ya silaha huwafanya watu wafiche. Mjane anayejua kwamba chombo kilicho darini kinaweza kumpeleka kwenye kesi ya uhujumu uchumi hana sababu ya kukitaja kwa mtendaji wa kijiji mwezi Februari, na Septemba iko mbali.

Hoja ya wanaotaka mlango upanuliwe

Upande wa pili huanza na umbali. Barabara ya lami kutoka Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, na ile ya Handeni hadi Mkata, kilomita 54, zimepunguza safari za mjini, lakini vijiji vingi viko mbali na lami, na msimu wa masika gari la polisi halifiki haraka. Mfugaji aliyeibiwa ng'ombe usiku, mwenye duka la nafaka anayekaa na fedha za msimu, mchimbaji mdogo mwenye dhahabu yake: wote wanaweza kusema kwamba ulinzi wa dola hufika baada ya tukio.

Hoja yao yenye nguvu zaidi inahusu usawa, na haisemwi mara nyingi. Kwa jinsi ilivyo, njia ya leseni hupitika kwa mtu mwenye nafasi. Anayeweza kununua bastola ya mamilioni anaweza pia kulipia mafunzo, kununua sefu, na kufuatilia faili lake wilayani na mkoani hadi likatoka. Mkulima wa ekari tatu hana nauli ya kulifuata faili hilo mara nne, na silaha yake haina namba ya kuandikwa kwenye fomu. Matokeo yake ni kwamba sheria inayokusudia kupima hatari huishia kupima mfuko. Bastola, ambayo hufichika kirahisi na ndiyo inayofaa zaidi kumdhuru mtu, ina njia iliyonyooka kuliko gobore la kutishia nguruwe.

Lakini kutoka hapo hadi kusema kila kaya yenye hofu iruhusiwe silaha ni kuruka korongo. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, Kilosa, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mwaka 2013 na 2014 Kiteto, wilaya inayopakana na Kilindi iliyokatwa kutoka Handeni mwaka 2002, ilipoteza watu katika mzozo wa ardhi ya Embroi Murtangos. Handeni yenyewe imekuwa ikipokea wakazi na mifugo kutoka Ngorongoro, waliohamishiwa Msomera kuanzia Juni 2022, na panapoongezeka mifugo, suala la malisho na mipaka halikosi kujitokeza. Mahali penye mazingira hayo, bunduki inayonunuliwa na upande mmoja kwa ajili ya kujilinda husomwa na upande wa pili kama maandalizi.

Majirani wametoa somo hilo kwa gharama kubwa. Kenya iliwapa wanakijiji wa kaskazini bunduki za Serikali kama askari wa akiba. Baadhi zikaingia kwenye wizi wa mifugo na ugomvi wa koo, na mwaka 2019 Serikali ikaanza kuzikusanya ili iwachuje upya waliokuwa nazo. Uganda ilifanya kinyume huko Karamoja, ikanyang'anya silaha kwa nguvu kuanzia mwaka 2001 na tena 2006. Waliosalimisha mapema walivamiwa na wale ambao hawajasalimisha, na mwishoni mwa muongo uliofuata uvamizi wa mifugo ukarudi. Kugawa silaha bila usimamizi kumeshindwa, na kukusanya silaha bila kuweka ulinzi mahali pake kumeshindwa pia.

Ukali unapofika mahakamani

Kesi ya gobore ikifunguliwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi, haiwezi kusikilizwa hivihivi na mahakama ya wilaya. Inahitaji ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na hati inayoipa mahakama hiyo mamlaka. Nyaraka hizo zikikosewa, kila kitu kilichofuata huanguka. Katika shauri la Dilipkumar Maganbai Patel, lililoamuliwa mwaka 2022, Mahakama ya Rufani ilibatilisha mwenendo kwa sababu hati hazikutaja vifungu sahihi vya kosa, na tangu hapo uamuzi huo umetajwa katika rufaa nyingi. Kuna pia suala la mkondo wa kielelezo: nani aliichukua silaha, akamkabidhi nani, ilitunzwa wapi, ilifikaje kwa mtaalamu wa silaha. Shauri la Paulo Maduka la mwaka 2009 ndilo lililoweka kipimo hicho, na ingawa Mahakama baadaye ilikilegeza kwa vitu visivyobadilishika kirahisi, mwendesha mashtaka bado anapaswa kuonyesha kwamba bomba lililoletwa mahakamani ndilo lililokutwa nyumbani kwa mshtakiwa na kwamba linaweza kufyatua.

Hali hii inatoa matokeo mawili, yote mabaya. Mtu aliyekuwa na gobore kweli, na pengine kwa nia mbaya, anaachiwa katika rufaa kwa kasoro ya karatasi. Mwingine aliyelirithi bila kujua sheria anakaa mahabusu kwa muda mrefu wakati upelelezi ukiendelea, akihukumiwa anapewa miaka 20, na kama ana bahati ya kupata wakili huenda akatoka baada ya miaka kadhaa, shamba likiwa limekwisha kuwa pori. Haki zinazolindwa na taratibu hizo ni za lazima. Tatizo ni kupitisha kila gobore kwenye mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya magenge.

Misako ya nguvu nayo ina historia. Oktoba 2013 Operesheni Tokomeza ilianzishwa dhidi ya majangili, ikakamata silaha nyingi na pia ikazaa malalamiko ya mateso, vifo na uporaji wa mifugo. Ilisitishwa baada ya wiki chache, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Tangu hapo imekuwa vigumu kumshawishi mtu wa kijijini kwamba askari anayeuliza habari za bunduki amekuja kwa heri. Kwa kulinganisha, uhakiki wa mwaka 2016, ambapo wamiliki wote nchini walitakiwa kupeleka silaha zao zikaguliwe, ulikwenda kwa utulivu, kwa kuwa uliwahusu watu ambao tayari walikuwa na karatasi.

Njia zilizo katikati

Ipo hoja ya kuacha gobore kabisa na kutafuta dawa nyingine. Kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, na mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya, zimetumika sehemu mbalimbali za Tanzania na Kenya kuwazuia tembo. Kwa nguruwe hazina rekodi kama hiyo, kwani nguruwe hupita chini. Kulima mashamba yaliyoshikana, kufyeka mapori ya katikati na kupanga zamu za ulinzi wa pamoja husaidia zaidi, na hapo kazi ya Giblin inakuwa ya leo: pori lililoachwa katikati ya mashamba ndilo maficho ya nguruwe. Udhaifu wa njia hizo ni kwamba zinahitaji mashamba kupangwa, na wengi hulima vipande vilivyotawanyika.

Hoja nyingine ni silaha ya pamoja. Badala ya kaya, kijiji kiwe na bunduki chache zilizosajiliwa, zikishikwa na mgambo au askari wa wanyamapori wa kijiji waliofunzwa, zikitolewa kwa daftari msimu wa mahindi na kurudishwa msimu ukiisha. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inawatambua askari hao, na sehemu zenye jumuiya za hifadhi wamekuwa wakifanya kazi bega kwa bega na askari wa Serikali. Mpango huu unamwondolea mkulima sababu ya kuficha, na polisi wanajua silaha iko wapi.

Una hatari zake, na wanaoupigia debe huzipitia haraka mno. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kumpa ndugu yake funguo. Katika kijiji chenye wakulima na wafugaji, atakayeshika bunduki atakuwa wa upande mmoja, na upande wa pili hautamwona kama mlinzi. Ofisi nyingi za vijiji hazina hata kabati lenye kufuli la maana. Kwa hiyo silaha ya pamoja inafaa pale tu inapotunzwa kituo cha polisi cha karibu, ikatolewa kwa siku zilizotajwa, na pande zote mbili zikiwa na mtu kwenye kamati inayoidhinisha. Penye mgogoro hai wa ardhi, isitolewe kabisa, na askari wa Serikali ndio wapewe kazi hiyo.

Mizani inapolalia

Ukipima yote haya, sheria ya mwaka 2015 ina haki katika wazo lake la msingi. Ruhusa iombwe, sababu itolewe, jamii inayomjua mwombaji iulizwe, na dola iwe na neno la mwisho. Kuna hata sababu ya kuibana zaidi kwa upande wa bastola: leseni inapohuishwa, mwenza wa ndoa na serikali ya mtaa waulizwe upya, kwa kuwa mtu wa mwaka wa kwanza si lazima awe mtu yuleyule miaka mitano baadaye.

Kosa liko kwenye kipimo cha adhabu na kwenye umbali wa mlango. Gobore lisilo na nyara, lisilohusishwa na wizi wala vitisho, lingepaswa kuwa kosa lenye faini, kunyang'anywa silaha au kifungo kifupi, likasikilizwa mahakama ya wilaya Korogwe au Handeni bila hati kutoka juu. Likikutwa na meno ya tembo, au mikononi mwa waliovamia nyumba, sheria kali zipo tayari: unyang'anyi wa kutumia silaha peke yake una kifungo kisichopungua miaka 30. Hakuna mhalifu mkubwa atakayepona kwa sababu mkulima amewekwa kwenye mizani yake.

Usajili wa magobore ya zamani ungeweza kufanyika wilayani kwa muda maalumu, kila moja likachongwa namba kwenye mtutu, likapigwa picha, na mwenyewe akapewa ama kibali cha msimu ama stakabadhi ya kulikabidhi. Warithi wapewe miezi kadhaa baada ya msiba kutoa taarifa kwa mtendaji bila hofu, katika mwezi wowote wa mwaka, na polisi ndio walifuate nyumbani badala ya wao kulibeba barabarani. Hatua hizi zingewapa polisi kitu ambacho hakuna msako uliowahi kuwapa: orodha. Mapungufu yake ni gharama, na uwezekano kwamba wengine wangesajili moja na kuficha la pili. Hata hivyo, orodha yenye mapengo inawafaa polisi kuliko kutokuwa na orodha kabisa.

Sehemu ya kazi hii inawezekana kwa kanuni za Waziri wa Mambo ya Ndani na maelekezo ya Jeshi la Polisi. Ile ya adhabu haiwezekani hivyo. Maadamu kosa limo kwenye jedwali la uhujumu uchumi, hakimu akishaona kosa limethibitika hana uwezo wa kushuka chini ya miaka 20, hata akiridhika kwamba aliye mbele yake hakuwahi kuelekeza mtutu kwa binadamu. Wenye uwezo wa kulibadilisha hilo ni wabunge, wakiwamo wa majimbo ya Handeni na Korogwe, kwa muswada wa marekebisho unaoweza kuandikwa kwa kifungu kimoja.